Ndoo za Mama Mdogo

Uwanja wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, haulimiki. Jembe likishuka linakutana na jiwe la volkano ya Nyiragongo, lile lililoteremka mwaka 2002 likapita katikati ya mji. Kwa hiyo mama mdogo alipanda kwenye bido (madumu) za mafuta zilizokatwa, beseni zilizopasuka na sufuria zisizo na vishikio. Maua hakuyataka, alipenda majani tu: krotoni, difenbakia, dresina, kolyusi za rangi ya damu, magimbi yenye majani mapana. Matundu ya chini aliyatoboa kwa msumari wa moto. Udongo aliununua kwa magunia, akauchanganya na changarawe ya volkano ili maji yapite. Masika ya Goma huozesha mizizi upesi.

"Mmea wa kwenye ndoo, ukikimbia unakimbia nao," alikuwa anatuambia.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021 tukaamriwa kuhama. Volkano ilikuwa imelipuka tena tarehe 22; lava yake ilikuwa imesimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka na ilihofiwa kwamba moto umeshafika chini ya mji. Tulikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Likapanda godoro, unga, masufuria, mtoto wa dada. Mama mdogo akaburuta bido ya difenbakia hadi mlangoni. Mwenye chukudu aliitazama, akamtazama yeye, akaanza kufunga kamba. Udongo uliolowa ni mzito kuliko gunia la viazi.

Sikuwahi kumwona akikasirika kimya namna ile. Aliingia jikoni, akatoka na kisu. Kolyusi alizikata chini kidogo ya kifundo, panapoota mizizi, akapunguza majani makubwa nusu yasinyonye maji yote. Dresina akachukua vipande vya shina. Magimbi akayang'oa na kubaki na viazi vyake. Difenbakia aliiacha, utomvu wake unawasha, na njiani maji ya kunawa tungeyapata wapi? Vyote akavifunga kwenye kitenge kilicholowa, akavibeba mgongoni kama mtoto. (Mtoto mwenyewe alikuwa juu ya godoro.)

Barabara ya kukimbilia Sake, mji wa jirani, nisiisimulie, kila mtu wa Goma anayo yake.

Minova, mji wa kando ya Ziwa Kivu, tulipokelewa katika uwanja wa watu tusiowajua. Kabla hatujapata pa kulala, mama mdogo alikuwa ameshaomba makopo ya nyanya. Wanawake wa pale walimcheka, halafu wakaanza kuomba vipande. Kolyusi haina maringo, ilitoa mizizi hata ndani ya kikombe cha maji. Ndizi tulizokula kule, nyingine zililipwa kwa majani.

Tulipoambiwa turudi, makopo aliyaacha yote. "Ni ya mwenye nyumba," alisema.

Nyumbani bido zilikuwa zimesimama, zimefunikwa jivu. Difenbakia, kwa majani yake laini, ilikuwa imeoshwa na mvua kiasi. Kolyusi zenye manyoya zilikuwa zimelishika jivu lote. Dada akachukua kitambaa.

"Usifute!" mama mdogo akapiga kelele, mzigo ungali mgongoni. "Mwaga maji kwanza. Hilo jivu linakwaruza!"