Kopo la Blue Band lililonikosesha sindano

Wifi yangu ana jibu la kila kitu. Safari hii jibu lilikuwa: "Wakikuuliza kama unaumwa, sema huumwi. Ukianza hadithi za magonjwa utakesha hapo." Tulikuwa na harusi Kampala, na Uganda wanataka kadi ya njano, yaani uwe umechanjwa homa ya manjano. Mimi nina baridi yabisi, mwaka wa sita huu. Vidole vyangu huamka saa nzima baada ya mimi mwenyewe kuamka. Ila dawa zimenishika, mitumba yangu pale soko la Memorial nauza kama kawaida.

Basi nikaenda, nimevaa kitenge kipya, mgonjwa gani huyo? Kijana wa chanjo akawa anasoma maswali bila kuinua uso. Una ujauzito? Mwanangu, nina wajukuu. Mayai yanakudhuru? Hapana. Unatumia dawa yoyote? Hapana! Tena kwa sauti ya kwaya.

Sasa, mimi nina kopo la Blue Band. Dawa ikiisha, nakata kipande cha pakiti chenye jina nakitia humo, maana majina yale ulimi wangu haukubali, na kila daktari mpya akiniuliza natumia nini nilikuwa namjibu "vya njano na vyeupe". Kopo halitoki kwenye mkoba. Nikiwa natafuta hela ya chanjo likaniponyoka, mfuniko ukaenda zake, vipande vikatapakaa sakafu nzima. Kijana akainama kunisaidia kuokota. Akainuka na kimoja mkononi. "Mama, hii methotreksati ni ya nani?"

Nilitaka kusema ya wifi.

Akanikalisha pembeni. Kumbe chanjo ile ina virusi hai, vimedhoofishwa tu. Mwenye kinga nzima anavimudu. Mimi dawa yangu kazi yake ni kuipoza kinga, kwa sababu ndiyo hiyo inayonitafuna viungo. Vingeingia vikute mlinzi amelala. Na mimi nilikuwa nimeipangia foleni!

Daktari wangu wa viungo alicheka mpaka akavua miwani. Akaniandikia barua yenye muhuri kueleza kwa nini sikuchanjwa, akaongeza kwamba barua haifukuzi mbu, nikavae mikono mirefu na nilale kwenye neti. Mpakani waliisoma mara mbili wakanipitisha. Aliyekwama ni wifi, kadi yake aliisahau kabatini Moshi.

Lakini daktari hakuniachia hapo. Chanjo zisizo na virusi hai, alisema, nazihitaji kuliko mtu mzima mwenye afya: influenza, nimonia, homa ya ini B (hii alinipima kwanza). Sokoni wakaniambia zitaniamshia ugonjwa. Hao hao ndio walionishauri nijipake mafuta ya taa magotini.

Ya influenza niliisaka wiki kadhaa, nikaipata hospitali binafsi, kama elfu hamsini hivi ukihesabu na nauli. Baada yake daktari akanirukisha methotreksati wiki mbili, mwili upate nafasi ya kuishika chanjo. Mimi huinywa Jumapili tu, nikabandika plasta juu ya Jumapili mbili kwenye kalenda ya kanisa, nisije nikajisahau. Aliniruhusu kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetulia, kwa hiyo wewe usiruke kwa kunisoma mimi, muulize wako. Na prednisoloni, dawa yangu nyingine, hakuniruhusu kuiruka hata kidogo, ile haikatishwi ghafla.

Mkono uliuma siku mbili, usiku mmoja nikapata homa ya kufunika blanketi. Jumapili ya pili vidole vililalamika kidogo, nikavikanda kwa maji ya moto, maumivu yakaisha. Ya nimonia nilichoma bila kuruka kidonge hata kimoja. Ya influenza ni ya kila mwaka, na homa ya ini nimebakiza sindano ya tatu. Kopo limeshajaa, nahamia la kilo moja.