Kufuli la Namba Nne

Jana tumepita Nakawa sokoni, Kampala, kwenye meza za dagaa wa mukene, binti yangu akabana pua kwa vidole viwili. Nami nikabana yangu. Kisha, bila kufikiri, nikajaribu kuvuta pumzi. Hewa haikupita.

"Baba, unavuta nini na wewe umeziba?"

Nikamwambia nahakikisha niko macho. Akanitazama vile mama yake hunitazama.

Mazoea hayo ninayo tangu 2012, mwaka wa lile sanduku. La bati, jeusi, lenye namba ya kazi ya mzee kwa rangi nyeupe. Mzee alipoondoka duniani aliliacha na kufuli la namba nne, na namba zenyewe hakumwachia mtu. Karatasi za kibanja, kipande chetu cha ardhi, zilikuwa humo. Wajomba wakataka fundi aje na msumeno. Mama akakataa katakata: kitu cha mumewe hakikatwi.

Basi mimi, mwenye akili nyingi za intaneti ya Wandegeya, nikaamua kumwuliza mzee mwenyewe. Si kwa mganga. Kwa ndoto ile ambayo unaota huku unajua kwamba unaota. Nilikuwa nimesoma kuwa jambo hilo limepimwa: mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alimnasa mwotaji aitwaye Alan Worsley akichezesha macho kushoto na kulia kama walivyopatana, na vyombo vinaonyesha amelala. Kama Mwingereza anatuma ishara kutoka ndotoni, mtoto wa kambi ya polisi Nsambya ashindwe kuleta tarakimu nne?

Kazi ikawa kuchagua njia. Ile ya kulala chali bila kutikisika mpaka uingie ndotoni ukiwa macho iliniletea jinamizi usiku wa pili, kitu kimenikalia kifuani na mguu hauinuki. Nikaiacha hapo hapo. Ya Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa Stanford, Marekani, ilikuwa ya kistaarabu zaidi. Unapolala unajirudishia nia, "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota," huku ukijiona umo ndotoni na umegundua. Nilikuwa nasinzia kabla sentensi haijaisha. Mchana nikawa nahesabu vidole, nabana pua ndani ya teksi, nasoma kila bango mara mbili, maana ndotoni maandishi na namba havitulii: ukiangalia pembeni ukirudi, vimebadilika. Kondakta mmoja alinirudishia nauli. Nadhani aliniona nina pepo.

Mwishowe nikaziunganisha. Kulala saa nne, simu iniamshe saa tisa usiku, nikae nusu saa na daftari la ndoto, kisha nirudi kitandani na maneno ya LaBerge. Usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri, kwa hiyo unauvizia mlangoni. Mama aliona taa akadhani nimeanza kuswali tahajudi. Akafurahi sana. Sikumsahihisha.

Yeye alikuwa na njia yake. Kila siku baada ya isha alikaa mkekani mbele ya sanduku akazungusha: 0000, 0001, 0002. Mia moja kwa siku, halafu anaandika kwenye kalenda alipofikia.

Na usiku mmoja nikawa Nsambya, ndani ya yuniporti, zile nyumba za bati za mviringo. Mvua inapiga paa hadi inakera. Mzee amekaa kwenye kigoda anang'arisha buti. Nikamwuliza namba. Hakushangaa. Alichovya kidole kwenye dawa ya viatu akaniandikia kiganjani: 4172. Nikatazama mlango, nikarudi kwenye kiganja: 4192. Nikatazama tena: 4790. Nikabana pua.

Hewa ikapita. Pua imezibwa kabisa na hewa inapita, baridi, na harufu ya dawa ya viatu ndani yake.

Naota. Mwili wote ukasisimka, na kila kitu kikawa wazi kuliko mchana: uzi uliochomoka kwenye ukosi wake, kovu la kidevu, weusi ndani ya kucha. Nikaelewa pia kwamba namba zile natunga mimi, kwamba huyu hajui chochote nisichokijua. Ningeweza kumwuliza au kumwambia jambo lolote jingine. Nilichosema ni, "Mzee, mvua."

Akaitikia kwa kichwa. "Hii haiachi leo."

Tukaisikiliza. Alibadilisha buti, akaanza la pili. Kisha furaha ikanizidi, moyo ukaenda mbio, nikajikuta natazama dari.

Asubuhi nilinyata hadi kwenye sanduku nikajaribu zote tatu. Kufuli halikutikisika. Mama akasema kutoka jikoni, bila kutokeza kichwa, "Za elfu nne nilishazimaliza juzi."

Niliendelea wiki kadhaa. Mzee hakurudi. Jumamosi moja nilikuwa nimelala mpaka saa nne asubuhi, kwa ajili ya utafiti, nikaamshwa na mlio mdogo wa chuma. Nilipotoka, kufuli lilikuwa mkekani, na mama ameweka viganja viwili juu ya mfuniko, bado hajaufungua. Karatasi zilikuwemo. Mengine yaliyokuwemo ni ya mama.

Namba hakuniambia, na ukurasa wa kalenda aliuchana. Jana usiku nilimpigia simu, nikamsimulia habari ya mukene na pua, nikamwuliza tena. Alicheka mpaka akakohoa.

"Si wewe ndiye mwenye njia? Haya, lala."