Zamu ya Mwenzio

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, wiki hii ilikuwa tuendelee na Suratul-Hujurat, lakini nakuombeni radhi, tutaiwacha mpaka Ijumaa ijayo Inshaallah. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne, na nikiandika jingine nitakuwa naandika kwa mkono tu.

Jumanne nilimpeleka Mama kliniki ya sukari. Hospitali sitaitaja, na tafadhali msinipigie simu kuniuliza ni ipi, kwa sababu ninayotaka kuyasema yapo kila pahala hapa Pemba, na Unguja pia yapo. Tulitoka nyumbani baada tu ya sala ya Alfajiri. Mama hajatia kitu mdomoni, maana kipimo kile cha asubuhi kinataka mtu awe hajala kwa muda wa saa nane au zaidi. Chai yake ilikuwa kwenye chupa na boflo ndani ya mkoba, ili akishatolewa damu tu afungue kinywa. Tulipofika mabenchi yamekwishajaa. Wako waliotoka Micheweni, wako waliotoka Kojani, ambao kwanza wapande chombo ndio waikute gari. Na kadi zetu sote zimeandikwa saa mbili asubuhi. Umati wote ule, saa ile ile moja, daktari mmoja, na daktari mwenyewe bado yuko wodini anapita raundi.

Tuseme haki. Matibabu ya bure tulitangaziwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na miaka ile ile wakaanza kuja madaktari wa Kichina, na wazee wetu mpaka leo wanayahesabu katika neema. Lakini sensa ya 2022 imetukuta Zanzibar tunakaribia milioni 1.9, Pemba peke yake tumepita nusu milioni, na sukari na presha ni maradhi ya kurudi kliniki maisha yote. Mgonjwa wa leo hapungui kesho, anaongezewa mwenzake. Kwa hiyo foleni itakuwepo, hata nesi awe malaika. Ila kuwapangia watu saa tafauti, hawa saa mbili, wale saa nne, hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo, kunahitaji kalamu. Wenye dhamana waikumbuke dua ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Bi Aisha (r.a.) na imo katika kitabu cha hadithi cha Muslim: Ewe Mola, atakayetawalia jambo lolote la umma wangu akawatia mashakani, nawe mtie mashakani, na atakayewafanyia upole, nawe mfanyie upole. Mimi dua hiyo nikiisoma huogopa hata kwa wanafunzi wangu wa chuoni, sembuse aliyekabidhiwa wagonjwa.

Saa nne ikapita. Mtu mwenye njaa hana maneno mazuri. Mzee mmoja akaanza kunung'unika kwa sauti, jirani yake akamwambia, "Vuta subira, mzee wangu, subira huvuta heri." Mzee akamgeukia: "Hiyo heri yenyewe imekwenda kunywa chai." Tukacheka sote, hata nesi aliyekuwa akipita na mafaili.

Nikaifikiria sana hiyo "vuta subira". Mara nyingi tunamwambia mtu ili anyamaze. Nabii Yaaqub (a.s.) ndiye aliyesema fasabrun jamil, yaani subira njema, katika Surat Yusuf, na katika sura hiyo hiyo akasema anamshitakia Allah sikitiko lake na huzuni yake, kisha akawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Alisubiri, na alilia, na alituma watu. Basi mgonjwa wa sukari aliyekaa na njaa, hasa aliyechoma sindano au kumeza dawa zake, akianza kutoka jasho na kutetemeka na maneno kumpotea, huyo sukari yake imeshuka. Usimwambie asubiri. Simama ukamwite muuguzi sasa hivi, na ikiwa anaweza kumeza, apewe kitu kitamu. Kipimo kitapimwa siku nyengine.

Na wako wanaoipitisha Adhuhuri kwa kuogopa kuitwa. Wakati wake ni mrefu, mpaka Alasiri. Mwambie jirani yako akushikie nafasi, ukasali, urudi. Usiyeweza kusimama, Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Husayn alipokuwa anaumwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu.

Lakini hayo siyo yaliyonikaa rohoni.

Chumba cha daktari kina mlango wa ubavuni. Sisi tumekaa tunautazama ule mlango mkubwa unaoitiwa majina, na huku ubavuni watu wanaingia. Anakuja bwana kanzu yake imepigwa pasi, simu sikioni, "Niko nje hapa," na mlango unafunguka. Anakuja mama na binti yake, wanasalimiana na mtu kwa vicheko, wanaingia. Kila mara hivyo, na benchi zima linatazama chini. Hakuna aliyesema neno. Nikajiuliza kwa nini hatusemi, na sikupata jibu jengine ila hili: kila mmoja wetu anatarajia siku yake na yeye awe na mtu ndani. Mlango wa ubavuni hatuuchukii. Tunachukia kuwa leo haukufunguliwa kwa ajili yetu.

Naye mtu wetu akatokea. Ni binti wa ukoo wetu, anafanya kazi pale. Akambusu Mama mkono kwa adabu zote. "Bibi, mbona mmekaa huku? Nipe hiyo kadi nikupitishe mara moja." Nafsi yangu ilifurahi, siwafichi. Mama akaishikilia kadi yake, akauliza, "Na hawa niliowakuta?" Binti akasema, "Hawa wataitwa tu, Bibi." Mama akamjibu, "Basi na mimi nitaitwa tu, mwanangu."

Sikupendezwa. Namuona midomo imemkauka, mimi ndiye nitakayembeba akianguka. Nikawa namsemesha kwa macho akubali. Ni katika kukaa kule kwa hasira ndipo ilipokuja ile hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo tumeisoma mara ngapi katika mlango wa adabu za kunywa tukaipita.

Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kulia kwake amekaa kijana mdogo, kushoto kwake wamekaa watu wazima. Kwa utaratibu, kinywaji kinazungushwa kwa kulia. Akamwambia yule kijana: unaniruhusu niwape hawa? Kijana akasema: hapana wallahi, ewe Mtume wa Allah, fungu langu litokalo kwako simpi mtu yeyote. Mtume akamtia kikombe mkononi mwake.

Hebu tukae hapa kidogo. Aliyeshika kikombe ni nani? Ni Mtume wa Allah, ambaye lau angempa yeyote aliyemtaka, hakuna kinywa ambacho kingeuliza. Waliokaa kushoto ni nani? Ni wazee wenye hadhi zao, na dini yenyewe inatuamrisha kuwaheshimu wakubwa. Kitu chenyewe ni nini? Funda la kinywaji. Na mwenye zamu ni mtoto. Kwa hesabu zetu za barazani shauri lingekuwa limekwisha: mtoto, mpishe mzee. Yeye (s.a.w.) akaomba ruhusa. Tena alipokataliwa hakumwambia kijana huna adabu, hakumwambia utapata baadaye, hakusema "wewe utaitwa tu". Kwetu sisi kijana yule angekula kofi, na sote tungeliona kuwa ni malezi.

Ikiwa zamu ya mtoto juu ya funda la kinywaji haikuchukuliwa bila ya ridhaa yake, na anayeomba ni Mtume, basi zamu ya bibi wa Kojani mwenye kidonda cha mguu inachukuliwa kwa ridhaa ya nani? Nani alimuuliza?

Na Abdullah bin Busr (r.a.) amesimulia, na imo kwa Abu Daud, kuwa mtu mmoja alikuja siku ya Ijumaa akiruka mabega ya watu na Mtume yumo kwenye khutba, akamwambia: kaa, umeudhi. Yule alikuwa anakwenda mbele msikitini, kwenye kheri, na akaambiwa akae. Sisi wenyewe msikitini hilo tunalijua vizuri. Sijapata kusikia mtu amechelewa, kaikuta rakaa ya tatu, akapenya safu zote mpaka nyuma ya imamu kwa kuwa imamu ni shemeji yake. Angefanya hivyo angesemwa mji mzima. Akilifanya hospitalini tunamwita mtu mwenye kujuana na watu.

Nakuambieni, na najiambia mwenyewe kwanza: tukome. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, kuwa mwenye kusaidia msaada mwema ana fungu lake, na mwenye kusaidia msaada mwovu naye ana sehemu yake. Aliyekupitisha ana sehemu, na wewe uliyepitishwa unayo. Na akitiliwa pesa ya soda mkononi, hapo jina lake ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani anayeitoa na anayeipokea. Kisha hii ni haki ya mja. Dhambi baina yako na Mola wako utaomba maghufira usiku ukiwa umejifungia. Hii itabidi umtafute mwenyewe umtake radhi. Utampata wapi? Jina hulijui. Unajua tu kwamba wewe ulitoka saa nne, ukarudi ofisini, na yeye alitoka Alasiri imeshaadhiniwa, chombo kimeondoka, akalala kwa watu.

Usiniambie una kazi. Mvuvi aliyekaa karibu yangu naye alikuwa na kazi, na maji ya bamvua hayamsubiri mtu. Muuza samaki naye ana kazi. Kazi yako ina kiyoyozi na mshahara wa mwisho wa mwezi hata usipokwenda, zake wao siku ikipotea imepotea na chakula cha jioni.

Wafanyakazi wa hospitali, ninyi nakuoneeni huruma zaidi kuliko mnavyodhani. Najua jamaa akikataliwa anarudi nyumbani anautangazia ukoo mzima kuwa fulani siku hizi amejiona, na arusi ya ndugu yako hawaji. Kwa hiyo sisi jamaa ndio wa kukupeni nafuu, kwa kutokuombeni. Ukimuona mwanao pale, msalimie, muulize hali, mwambie unakaa na wenzio. Atapumua.

Msije mkanibebesha nisiyoyasema. Mtu anatoka damu, mtoto ana degedege, mama yuko katika uchungu, hao wapite na wala wasisubiri kuombewa ruhusa, na ni wajibu wetu kuwafungulia njia. Vivyo hivyo pahala palipowekwa utaratibu wa kuwatanguliza wazee, utaratibu ule ni haki yao. Hilo linafanyika mbele ya macho ya watu wote na kila mtu analielewa sababu yake. Ninalolisema mimi ni la mlango wa ubavuni.

Na kuna aliyeniuliza jana, nilipomhadithia: je, mtu akitaka kumpa mwenzake zamu yake kwa hiari? Hiyo ndiyo ithari, ile waliyosifiwa kwayo Ansari katika Suratul-Hashr, kuwatanguliza wengine hata wao wenyewe wakiwa na dhiki. Ni daraja kubwa. Lakini mtoe kilicho chenu. Ukimpa mwenzio namba yako, wewe chukua yake, ukakae alipokuwa amekaa yeye. Ukimtia mbele yako na wewe ukabaki pale pale, umewarudisha nyuma wote walio nyuma yako, na wao hawakutoa kitu, umewatolea wewe. Na ukiombwa zamu yako ukaona huwezi, sema huwezi kwa maneno mazuri. Kijana wa kulia alikataa na hakulaumiwa.

Allahumma Rabban-naas, adh-hibil-ba's, washfi Antash-Shaafi. Mola awape afya wagonjwa wetu, walio majumbani na walio kwenye mabenchi, na awape nguvu wanaowahudumia. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.