Wakaketi Chini Pamoja Naye

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Ayubu 2:13: "Basi wakaketi nchi pamoja naye muda wa siku saba, mchana na usiku, wala hapana mmoja aliyenena naye neno lo lote, kwa maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno."

Andiko hili sisi hatuhitaji kufafanuliwa sana, maana tumelikalia kwa miguu yetu. Msiba ukitokea mtaani, wanaume hukaa nje chini ya turubai, wanawake huingia ndani, wakaketi kwenye mikeka, na mfiwa huwa katikati yao amenyoosha miguu. Mtu anaingia, anatoa pole, anatafuta pa kukunja miguu, ananyamaza. Mama yangu anaweza kukaa hivyo kutwa nzima asiseme kitu, na akiondoka mfiwa anajua kwamba mama fulani alikuwepo. Kisha matanga yanaanuliwa. Mikeka inakung'utwa, masufuria ya kukodi yanarudishwa, kila mtu anarudi kwake. Juma hili nawaomba tumfikirie yule anayebaki ndani baada ya masufuria kurudishwa.

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Uingereza alikuja likizo, akanionyesha kwenye kompyuta yake onyesho la dansi ya kisasa lililorekodiwa na BBC. Nakiri sikuwa na hamu. Nilidhani ni mambo ya vijana. Akaniambia, "Shangazi, hili litakuhusu." Jina la onyesho ni la Kijerumani, *Betroffenheit*, na maana yake ni ile hali ya mtu aliyepigwa na jambo zito hata akaishiwa maneno. Kiswahili tunalo neno la jirani yake: bumbuwazi.

Lina kisa cha kweli nyuma yake. Mwaka 2009 mwigizaji wa Kanada, Jonathon Young, alimpoteza binti yake pamoja na binamu wawili wa binti huyo. Familia ilikuwa mapumzikoni, nyumba ikashika moto, watoto wote watatu wakafia humo. Jaribuni kukaa na sentensi hiyo kidogo kabla ya kuendelea. Baadaye Young alimwendea mbunifu wa dansi Crystal Pite, mwanamke wa huko huko Kanada aliyeanzisha kundi lake la Kidd Pivot mwaka 2002, wakatengeneza kazi hii pamoja: maneno ya Young, miondoko ya Pite. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Julai 2015. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya Olivier kule London kama onyesho jipya bora la dansi. Na anayecheza nafasi ya mhusika mkuu, mtu aliyepigwa na msiba, ni Young mwenyewe. Yeye ni mwigizaji tu, hakusomea dansi, lakini anasimama jukwaani kati ya wacheza dansi watano wenye miili inayotii kila kitu, na mwili wake unaonekana mzito, wa mtu wa kawaida kama mimi na wewe.

Pazia likifunguka kuna chumba. Kuta za kijivu, hakina pambo lolote, kama stoo ya kiwanda. Nyaya za umeme zinatambaa sakafuni zenyewe kama nyoka, hakuna anayezivuta. Mtu amejikunyata pembeni. Sauti inaanza kusemezana naye, na ukisikiliza vizuri unagundua kuwa ni sauti yake mwenyewe, inamhoji, inamwelekeza, inarudia maneno yale yale. Hatuonyeshwi moto hata mara moja. Tunaonyeshwa chumba ambacho jambo lilitokea na halijaacha kutokea. Mtaalamu angekueleza kwamba mtu aliyepatwa na tukio kubwa halikumbuki tu, bali mwili wake unalirudia kana kwamba ni sasa hivi. Zaburi ya 77 ililijua hilo zamani: Asafu anasema kope zake zimezuiwa zisifumbe, ametaabika hata hawezi kunena.

Halafu shoo inaingia.

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Chumba kile cha kijivu kinajaa taa ghafla, kunaingia watu wa manyoya na nguo za kumetameta, nyuso zimepakwa rangi, muziki wa salsa, viatu vya vyuma vinagonga sakafu. Wanamchukua mtu wetu, wanamsimamisha, wanamfanya nyota. Anatabasamu! Anacheza nao! Kwa dakika chache amesahau. Kisha taa zinazimika na yuko palepale chumbani, amejikunyata, hali yake mbaya kuliko mwanzo. Na tayari anaisubiri shoo irudi.

Mdogo wangu alikuwa amepita kwenda jikoni kuchukua maji. Akasimama nyuma ya kochi na kikombe mkononi. Hajui Kiingereza cha kufuatilia maneno yale. Akasema taratibu, "Inakuja hivyo hivyo. Inakuja na taa."

Wengi wenu mnamfahamu, na amenipa ruhusa niandike haya. Mdogo wangu alikuwa konda wa daladala, kijana mcheshi, abiria wakimpenda. Usiku mmoja gari lao lilipata ajali, watu wakafa, yeye akatoka na michubuko. Tulimshukuru Mungu. Tulitoa sadaka ya shukrani kanisani, tukapika, tukamwambia umepona. Baada ya mwaka alikuwa anavuta unga, yaani heroini. Miaka tisa. Mmewaona mateja vituoni wanavyosinzia wima, kiwiliwili kinainama mbele polepole, polepole, mpaka unashika kifua ukidhani anaanguka, na haanguki. Watu husimama wakacheka. Nami nilimwona ndugu yangu hivyo kituoni, mchana, suruali imefungwa kwa kamba, nikavuka barabara nikaenda upande wa pili.

Tulimwambia nini miaka hiyo yote? Tulimwambia maneno. Ee Mungu, tulimwambia maneno! Alipokuja na arosto, anatetemeka, pua zinachuruzika, anaomba hela ya kete moja tu, nilisimama mlangoni nikamsomea kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Andiko ni la kweli. Lakini nililishika kama fimbo, na nilikuwa nimesimama. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mbele ya watu kwamba angetaka kweli angeacha, shida yake ni kiburi. Mdogo wangu hakujibu. Alitazama viatu vyake.

Someni sura zinazofuata za Ayubu mwone. Siku saba wale marafiki walikuwa marafiki. Sura ya nne Elifazi anafungua kinywa, na anaanza kwa upole tu: kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia bila kosa? Kuanzia hapo ni sura kwa sura za watu wenye theolojia nzuri wakimtafutia mtu dhambi inayolingana na maumivu yake. Mwisho wa kitabu Bwana anawakasirikia watatu hao kwa maneno waliyoyanena. Nimetafuta mahali anapowakemea kwa zile siku saba. Hapapo.

Mnisamehe nikikaa kidogo hapa. Sisemi tusiwaombee mateja, wala tusiwaambie ukweli. Unga unaua, na anayeuficha ukweli huo hapendi mtu. Ninachosema ni kwamba tulianza na unga kwa sababu unga ndio tuliouona. Ajali ilikuwa imeshaanuliwa matanga, kwa hiyo kwetu imekwisha. Hakuna aliyemuuliza ule usiku ulikuwaje. Kwa mfiwa tunajua kukaa. Kwa mtu aliyepona, ambaye mwenzake alifia mikononi mwake, hatuna mkeka wa kumtandikia, tuna ushuhuda wa kumtaka autoe Jumapili.

Nirudi kwenye dansi. Sehemu ya pili chumba kimeondoka. Hakuna manyoya, hakuna taa za rangi, ni jukwaa tupu, lenye giza, na nguzo kubwa. Wacheza dansi ni wale wale, lakini sasa wamevaa nguo za kawaida za mazoezi, nyuso zimeoshwa. Hapa maneno yanakuwa machache na kazi yote inafanywa na miili. Mmoja anaporomoka, mwingine anaupokea uzito wake kabla haujafika chini, naye anaporomoka, anapokelewa na wa tatu. Kuna wakati wamefungamana wote kama kamba inayosokotwa, huwezi kujua mkono huu ni wa nani. Hakuna anayemwambia mwenzake simama. Wanaenda naye chini, kisha wanainuka naye. Mpwa wangu alijua majina yao, akanionyesha Jermaine Spivey, ambaye sehemu ya kwanza alikuwa kama pacha wa yule mtu kwenye shoo. Mwili wa mtu huyo sina namna ya kuueleza. Ni kama kila kiungo kinaugua kivyake. Nilikumbuka Warumi 8:26, kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Miaka yote nimeisoma aya hiyo nikidhani ni habari ya sauti.

Jambo moja la nyumbani. Tangu mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia teja kuacha unga, mateja wengi wamepata pa kushika, na mdogo wangu miaka kadhaa baadaye aliandikishwa kwenye kliniki mojawapo. Dawa hunywewa pale pale dirishani, kila siku, mbele ya muuguzi. Ukishameza unanywa maji, kisha muuguzi anataka useme kitu, ahakikishe hujaificha mdomoni. Mdogo wangu alikuwa akisema, "Asante, sista." Miezi mingi, nadhani hilo ndilo neno pekee alilomwambia mtu kwa siku nzima.

Mama alikwenda naye. Alikuwa na miaka sitini na nane, magoti mabovu, wanatoka alfajiri kuwahi daladala. Hakumhubiria njiani. Nilimuuliza siku moja huwa mnaongea nini huko, akasema, "Hatuongei. Namsubiri kwenye benchi." Ana mkoba wake wa ukindu, ndani kuna chupa ya uji, na mdogo wangu akishasema asante sista anakuja kuketi, anakunywa uji, wanarudi. Kila siku, zaidi ya mwaka. Mimi mwenye Biblia ya mlangoni nilikuja kulielewa benchi lile baadaye sana.

Basi jioni ile onyesho lilipoisha kompyuta ikazima yenyewe, chaji imekwisha, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika. Sebule ikawa giza. Mdogo wangu hakuwa tena nyuma ya kochi, alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka wa mama, kikombe bado anacho, maji hajayanywa. Mpwa wangu alitaka kusema kitu, nikamshika mkono.

Tulikaa. Nje jirani aliwasha jenereta, halafu akaizima.

Mdogo wangu akasema, "Yule mwanafunzi alikuwa ananidai chenji. Alinipa noti ya elfu, nikamwambia subiri mbele nitakupa."

Hakuna aliyejibu. Mama alisogea kwenye mkeka, akanyoosha miguu kando yake.