Saa ya Mama: baki iliyogeuka hasi usiku

Jumamosi jioni

Imewaka! Ndani kuna Arduino (kompyuta ndogo ya kuprogramu), kipande cha DS3231 kinachoshika majira hata stima ikipotea, na kioo cha tarakimu nne nilichonunua hapa Kisumu mjini. Nataka isome saa kwa Kiswahili: 07:00 iwe saa moja, 13:00 iwe saa saba. Fomula niliijaribu kwanza kwa Python, lugha ya kuprogramu: chukua saa ya kawaida (0 hadi 23), toa 7, chukua baki ya 12, ongeza 1. Saa zote 24 zilitoka sawa. Nikaihamishia C++, lugha ya Arduino, vile vile, (h - 7) % 12 + 1, ambapo h ni saa na % huchukua baki; kisha saa nikaitundika jikoni.

Jumapili

Mama huamka saa kumi na moja alfajiri kupeleka mboga soko la Kibuye. Ameniita: "Kuja uone saa yako, inaandika toa moja."

Kweli, -1. Mchana kutwa ilikuwa sawa. Inakosea kuanzia saa sita usiku mpaka karibu saa moja asubuhi, yaani pale h ikiwa chini ya 7.

Nimekaa na kalamu. 5 toa 7 ni -2, kisha gawa kwa 12. Python hushuka hadi nambari nzima iliyo chini, -1, kwa hivyo baki ni 10; ongeza 1, unapata 11. C++ hukata desimali kuelekea sifuri: jibu 0, baki -2; ongeza 1, ndiyo ile -1 ya Mama. Na zote mbili zinatii kanuni ile ile: jibu mara 12, jumlisha baki, urudi kwenye -2. Nimezikagua zote mbili, zinarudi. Kwa kazi ya saa naipenda njia ya Python, kwa sababu saa ni mduara. JavaScript, lugha nyingine, hufanya kama C++.

Dawa: badala ya kutoa 7, naongeza 5. Kwenye mduara wa 12 unafika pale pale, na hasi haitokei kamwe: (h + 5) % 12 + 1.

Jumatatu alfajiri

Nimeamka pamoja naye. 11:04. Ametazama, akabeba kikapu. "Sasa hiyo ni saa."

Imebaki taa ya kutenganisha saa moja ya asubuhi na ya usiku. Nimeandika (h + 18) % 24 / 12. Alama % na / (gawa, desimali ikikatwa) zina cheo kimoja, hesabu huanzia kushoto: 0 mchana, 1 usiku. Taa nitailehemu Jumamosi.