Kolamu Iliyoandikwa BV

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa kwenye ofisi moja mjini Unguja inayonunua mwani mkavu kwa wakulima wa Paje, Jambiani na Bwejuu. Ripoti yao ya Power BI, programu ya kugeuza data kuwa grafu, ilikuwa nzito kupindukia. Ukibonyeza jina la kijiji, unamaliza kikombe cha kahawa grafu haijageuka. Aliyeitengeneza alishaondoka na hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Mhasibu alitaka kompyuta mpya zinunuliwe. Mimi nikaomba kwanza nijue humo ndani mna nini.

Kwa DAX Studio, programu ya kuchungulia ndani ya ripoti kama hizo, nikatoa orodha ya majedwali, kolamu na fomula, ukubwa wa kila kolamu na idadi ya thamani zisizojirudia. Orodha hiyo nikaijengea dashibodi yake: ripoti ya kuieleza ripoti. Mambo yakajianika. Power BI huhifadhi data kolamu kwa kolamu. Thamani zikijirudia husindilika vizuri, zikitofautiana zote huvimba. Kolamu iliyobeba tarehe na saa ya mzani, hadi sekunde, ndiyo iliyokula nafasi kubwa. Nani anataka kujua gunia limepimwa sekunde ya ngapi? Nikabakisha tarehe.

Kichekesho kilikuwa majedwali ya siri. Programu huweza kuitengenezea kila kolamu ya tarehe kalenda iliyofichwa, kuanzia mwaka wa tarehe ya kwanza hadi wa ile ya mwisho. Kila tarehe ya malipo ilipokosekana, mfumo wao ulijaza 1 Januari 1900. Basi kalenda ikaenda toka 1900 hadi 2023, mistari zaidi ya 45,000, na mwani wa biashara wenyewe umeanza kulimwa Zanzibar 1989! Nikazizima zote, nikaweka kalenda moja. Jedwali pana la mizani nalo nikalivunja: uzito na bei kwenye jedwali la katikati; wakulima, vijiji na aina ya mwani, spinosum au kotonii, kwenye majedwali madogo ya pembeni.

Ikabaki kolamu iitwayo BV, yenye 1 na 2 tu. Hakuna fomula wala grafu iliyoigusa, na dashibodi yangu ikaipaka nyekundu.

"Futa," mhasibu akasema.

Lakini nafasi yake ya maelezo ilikuwa tupu, na mimi sifuti kitu nisichoweza kukiandikia hata sentensi moja. Nikampigia karani wa mizani wa Paje, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za daftari.

"Shikamoo, bibi. Hii BV ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si bamvua hiyo, maji makubwa! Moja ni bamvua ya mwezi mwandamo, mbili ya mwezi mpevu. Nyie huko mjini mnahesabu mwezi upi?"

Tulikuwa tukihesabu Januari na Februari. Kinamama huvuna maji yanapotoka mbali, wakati wa bamvua, na mwezi wa kalenda mara nyingine huangukiwa na bamvua tatu. Mwezi huo ofisini ulionekana wa neema, unaofuata wa uvivu, na vijiji vikaandikiwa barua za kuulizwa kulikoni.

Nikaihamishia BV kwenye kalenda, nikachora uzito kwa bamvua badala ya mwezi. Mashimo mengi yakafukika. Bibi alipokuja mjini nikamwonyesha. Akaitazama grafu, akavuta kiti.

"Na pepo za kusi na kaskazi mmeziweka wapi?"

Nikafungua kalenda tena, yeye akinitajia, mimi nikiandika.