Mkono wa Shoto: Nilivyojifunza Kurusha Mpira wa Besiboli kwa Mtu Mmoja

Nimezaliwa Tanga, na nimezaliwa mashoto. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakulikubali jambo hilo hata siku moja. Nikinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, kofi. "Huo wa chooni, baba. Leta wa kulia." Kuna Ramadhani moja alinifunga kitambaa kwenye kiganja ili nikumbuke. Shuleni mwalimu alimalizia kazi kwa fimbo, na mpaka leo naandika kwa mkono wa kulia.

Kitu kimoja tu hawakuweza kukigeuza: kutupa. Embe likiwa juu ya tawi, mkono wa kulia haukulifikia, wa kushoto ulilidondosha. Sekondari nikarusha mkuki kwa shoto hilohilo, na hapo hakuna aliyenikemea, maana pointi zilihitajika.

Nilifika Minneapolis, Marekani, mwaka 2001, nikapata kazi ya kusafisha maofisi usiku. Tulikuwa wawili kwenye ghorofa letu, mimi na mzee mmoja Msomali wa Garissa ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Mzee alikuwa na redio ndogo anaiweka juu ya kitoroli cha ndoo, na kuanzia Aprili mpaka Septemba redio hiyo haikuwa na habari nyingine ila besiboli ya timu ya Minnesota Twins. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Yeye akawa ananifasiria huku tunapiga deki: mechi ina raundi tisa, kila timu lazima iwatoe wapigaji 27 wa wenzao, mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigia, mpigaji anapewa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyovizunguka mbio ili apate pointi, mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mchezo hauna saa. Ukishindwa kumtoa mtu wa 27, mtakaa hapo mpaka alfajiri.

Mwisho wa Agosti 2003 Twins walimchukua Jesse Orosco kutoka Yankees. Mzee akazima mashine ya kupolishi sakafu ili anisimulie vizuri. Huyu bwana, alisema, ana miaka 46, na bado anarusha. Ni mashoto. Wala haanzi mechi; anaitwa katikati, akiwa mpigaji wa upande wa pili naye ni mashoto, anamrushia huyo mmoja, pengine wawili, kisha anatoka, kazi imekwisha. Kwa kazi hiyo amecheza mechi nyingi kuliko mrushaji yeyote katika historia ya ligi kuu.

Niliuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Mtu analipwa kwa kuwa mashoto?

Baadaye nikamsoma Orosco kama watu wanavyosoma masahaba. Misimu 24, timu tisa, mechi 1,252. Twins wenyewe ndio waliomchagua akiwa kijana mwaka 1978, wakampeleka New York Mets kabla hajawachezea hata mchezo mmoja wa ligi kuu, halafu wakampata tena akiwa mzee. Mwaka 1986 yeye ndiye aliyekuwa juu ya kichuguu, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, Mets walipotwaa ubingwa. Alimtoa mpigaji wa mwisho, akairusha glovu yake juu hewani na kupiga magoti. Lakini takwimu iliyonishika ni ya mwaka 1999, akiwa Baltimore: mechi 65, raundi 32 tu. Piga hesabu: raundi moja ni watu watatu wa kutoa, kwa hiyo kila alipoitwa aliwatoa, kwa wastani, mtu mmoja na nusu. Kati ya 27! Aliishi vizuri kwa kipande hicho kidogo cha mchezo, kwa sababu alikijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumamosi ya Septemba 27, 2003, Twins walikuwa Detroit. Waliongoza nane kwa sifuri, wakaachia mpaka ikawa nane kwa nane. Orosco akaitwa. Mpira wake wa mwisho ulimpita mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, mkimbiaji akaingia kutoka besi ya tatu, Detroit wakashinda tisa kwa nane. Hakurusha tena katika ligi kuu. Mzee alisimama na ufagio wake bila kusema neno, nami nilihisi kama nimefiwa na mtu wa nyumbani. Wiki ile niliamua nitajifunza kazi ya yule bwana, kwa kiwango changu.

Minnesota watu wazima wanacheza besiboli ya ridhaa kwa moyo kabisa, hata vijiji vidogo vina uwanja na timu. Mimi nilipata timu ya Jumapili, ya chini, yenye fundi wa kuchomelea, mtu wa posta na walimu wawili. Kabla ya yote nilihitaji glovu, na mashoto huvaa glovu mkono wa kulia. Kwenye duka la vifaa vya mitumba kulikuwa na glovu ukuta mzima, ila za upande wangu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mtoto. Nikalipa dola 15 kwa nyingine, nikaipaka mafuta, nikalala imebanwa chini ya godoro na mpira ndani yake ili ishike umbo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mkuki. Nilizoea kukimbia kabla ya kuachia, na mrushaji wa besiboli hakimbii. Anasimama na mguu mmoja umegusa ubao mweupe, hatua moja ndefu, basi. Kutoka pale mpaka kwa mpigaji ni mita 18 na nusu hivi. Mipira yangu ya mwanzo ilimpita mdakaji juu ya kichwa. Nikaegemeza godoro bovu ukutani nyuma ya nyumba, nikachora kwa utepe wa gundi mraba kuanzia usawa wa magoti mpaka kifuani, na kila nilipoamka mchana baada ya zamu nikarusha mipira 60, siku tatu kwa wiki. Goti la kushoto chini kwanza, ili miguu isinidanganye. Nikiwa na uhakika wa mkono, nasimama.

Kasi sikuwa nayo. Waliponipima ilikuwa kilomita 122 kwa saa. Aroldis Chapman, mashoto wa Cuba, mwaka 2010 alifikisha 169. Kwa mwendo wangu, mpigaji wa kawaida aliuona mpira kama kitumbua. Aliyeniokoa ni mdakaji wetu, mzee wa miaka hamsini na kitu mwenye magoti mabovu. Siku moja baada ya mazoezi aliniona kando ya ziwa narusha vijiwe viruke juu ya maji, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Akaniita. "Rusha mpira vivyo hivyo."

Nikashusha mkono, kutoka juu ya bega mpaka ubavuni. Kila kitu kikabadilika, na sababu yake inaeleweka ukisimama mahali pa mpigaji. Mpigaji mashoto husimama upande wa kulia wa besi ya nyumbani, ile ya kupigia, bega lake la kulia limemwelekea mrushaji. Mrushaji mashoto akiachia mpira kutoka ubavuni, unaanza kuonekana nyuma ya bega hilo, kama unamjia mgongoni. Mwili wake unataka kukwepa. Wakati anashtuka, mpira unapinda na kumkimbia, unavuka eneo upande wa mbali, asikoweza kuufikia. Wapigaji mashoto hukutana na warushaji wa kulia siku zote. Sisi ni wachache, kwa hiyo macho yao hayajatuzoea. Uchache huo ndio mtaji.

Kushika mpira wenyewe nilijifunza kwa vidole, usiku, kwenye ngazi za ofisi wakati wa mapumziko ya chai. Mpira wa besiboli ni ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, matundu 108 kila upande. Ukitaka uende moja kwa moja, vidole viwili vinakatiza mshono. Ukitaka upinde, vidole vinalala kando ya mshono, cha kati kinabana, na unapoachia unaukata pembeni kama unafungua kitasa. Niliuzungusha mpira ule mfukoni mpaka nikaweza kuutafuta mshono bila kuangalia.

Lakini kilichokuwa kigumu kuliko yote hakikuwa kurusha. Kilikuwa kusubiri.

Mechi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa Aprili, na Aprili ya huko ni baridi, mikono inakufa ganzi. Nilikaa benchi raundi sita nimejikunyata. Ghafla kocha akaniita. Nikaenda na bega la barafu, nikarusha mipira 13, na 12 ilikuwa nje ya eneo. Watu watatu wakapewa besi bure. Kocha akaja, akanyoosha kiganja, nikamwekea mpira, nikatoka. Nilikaa kwenye gari nikiwa bado nimevaa viatu vya njumu, nikalia.

Nikamweleza Mzee usiku ule. Alisema neno moja ambalo ndilo lililonipa dawa: "Wewe ulikuwa unasubiri kuitwa. Mlinzi hasubiri mwizi, anazunguka." Kuanzia hapo nikawa nazunguka. Nilinunua daftari, nikaandika orodha ya wapigaji wa wenzetu, mashoto nikawawekea alama. Wapigaji ni tisa na hufuatana kwa zamu isiyobadilika, kwa hiyo unaweza kuhesabu: huyu wa tano ni mashoto, atarudi raundi ya saba. Wapigaji wanne kabla yake, naamka, nanyoosha miguu. Watatu kabla, narusha taratibu kule pembeni wanakokuita zizi la mafahali. Mmoja kabla, jasho limetoka. Mara nyingi kocha haniiti kabisa, nami najipasha moto bure na kurudi kukaa. Hiyo nayo ni kazi. Kuna msimu nilijiandaa karibu kila Jumapili na nikatumika mechi nane tu.

Mwaka 2006, raundi ya tisa, tunaongoza kwa moja, wawili wametoka, wakimbiaji wapo besi ya pili na ya tatu. Mpigaji ni seremala mmoja mashoto, mabega kama mlango. Nilikuwa nimemhesabu tangu raundi ya sita. Mpira wa kwanza nikampindia nje, akaukosa kwa mbali. Wa pili nikamrushia ndani karibu na mkanda, akaruka nyuma. Wa tatu mdakaji aliweka glovu yake chini kabisa, upande wa mbali. Nilisikia uzi ukikwaruza kidole cha kati. Seremala akaugusa kwa ncha ya gongo, ukabiringika kuelekea kati yangu na besi ya kwanza. Mlinzi wa besi ya kwanza akaufuata, besi ikabaki tupu. Hapo mrushaji lazima akimbie aifikie besi kabla ya mpigaji, na nilishalifanya hilo mara mia kwenye mazoezi. Nikakimbia bila kumwangalia seremala, nikamsikia tu anavyohema. Mpira ukaingia kwenye glovu yangu ya dola 15, mguu ukagusa besi, mwamuzi akakunja ngumi: ametoka. Nilirusha mipira mitatu jioni nzima.

Mwaka 2020 ligi kuu ilibadilisha sheria: mrushaji akiingia, lazima akabiliane na wapigaji watatu au raundi iishe. Walitaka kupunguza kusimamasimama kwa mechi. Sikuipenda, na bado siipendi. Ile kazi ya mtu mmoja, aliyoishi nayo Orosco, ilikatwa kwa kalamu. Timu yetu nayo ikafuata, ikabidi nikiwa na miaka 43 nijifunze kuwarushia wapigaji wa kulia, ambao mpira wangu wa kupinda unawaendea mkononi. Nilijifunza mpira wa polepole, unaoshikwa ndani ya kiganja huku mkono ukienda kwa kasi ileile. Ulinichukua misimu miwili.

Julai 2025 Billy Wagner aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, mashoto wa kwanza kuingia kwa kazi ya kuja katikati ya mechi. Yeye alizaliwa mtu wa kulia. Alivunjika mkono wa kulia utotoni, mara mbili, akajifunza kwa kushoto. Nilitazama sherehe ile na kitambaa cha bibi kilinirudia kiganjani, nikausugua mkono bila kujua.

Sasa sichezi tena. Jumanne jioni nawarushia watoto wa mtaani kwetu, maana timu nyingi hazina mashoto wa kuwazoeza. Wiki iliyopita alikuja binti wa miaka kumi na mbili, kimya, glovu ameivaa mkono wa kulia. Nikamwonyesha mshono, vidole vikae wapi, kisha nikahesabu hatua kurudi nyuma, nikachutama polepole kwa sababu ya magoti, nikaweka glovu yangu chini, upande wa mbali.